Mume mgeni hana "uraia wa ndoa"

Mama mmoja wa Kigoma ameniandikia. Ameolewa na Mkongomani, cheti cha ndoa wanacho, watoto watatu, mwaka wa tisa huu wanaishi Ujiji. Amejitokeza mtu anayedai ana watu wake Uhamiaji, anataka laki nane amshughulikie mume "uraia wa ndoa".

Mama, usimpe hata shilingi. Anakuuzia kitu ambacho hakipo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 imempa haki ya kuomba uraia kwa ndoa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania haimtaji. Mumeo ataomba tajnisi kama mgeni mwingine yeyote: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua saba.

Hapo ndipo wengi hunaswa. Wanahesabu kuanzia siku ya harusi, wakati pasipoti ya mume imejaa mihuri ya matembezi: kavuka kwenda Kalemie, karudi, kagongewa mwingine. Muhuri huo unasema yeye ni mpita njia. Atautumiaje kuthibitisha makazi? Mkatieni kibali cha ukaazi sasa, msiache kipitwe na muda, na kila cha zamani mkitunze pamoja na risiti yake.

Nanyi wake wa kigeni msijisahau. Haki yenu ni ya wakati wa uhai wa mume. Akifariki kabla hujaomba, mlango huo umefungwa, hata kama umezeeka naye.

Sheria hii ni ya kibaguzi, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa upole. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza ubaguzi wa jinsia, lakini binti wa Kitanzania akiolewa na mgeni ndoa yake haihesabiki kama ya kaka yake. Kenya, tangu Katiba ya 2010, mume au mke anaweza kuomba ndoa ikitimiza miaka saba. Kwetu, Waziri akimkatalia mwombaji, sheria haimlazimishi hata kutaja sababu. Wabunge wanaijua kasoro hii. Waulizeni wanangoja nini.

Huyo wa laki nane mripoti TAKUKURU, piga 113. Simu hiyo ni bure.