Kutoka Mugumu hadi Tunguu

SWALI: Natokea Mugumu, Serengeti. Nimechaguliwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Mimi ni Mkristo na lafudhi yangu ni ya Kikurya hasa. Nitaishije kisiwani?

JIBU: Utaishi vizuri, bwana mdogo. Pasipoti huhitaji. Ukipanga chumba mtaani Tunguu, kilipo chuo, mwombe mwenye nyumba akupeleke kwa sheha ukajitambulishe, kitambulisho cha NIDA mkononi. Sheha ndiye anayejua nani anakaa wapi, na siku ukitaka barua ya utambulisho, asikuone mgeni.

Lafudhi isikutie unyonge. Unguja wamezoea watu: wenye asili ya Oman, Ngazija, Bara Hindi, na Wabara tele. Kinachopimwa ni salamu. Kwenu sauti ya juu ni mazungumzo tu. Unguja watadhani unagombana. Usiingie dukani ukaanza na "nipe sukari". Salimu kwanza, uliza hali, kisha sukari.

Ramadhani ikifika, usile wala kunywa hadharani mchana, hata maji ya chupa kwenye daladala. Migahawa mingi hufungwa, kwa hiyo pikia chumbani. Ibada ipo: Wakatoliki wana kanisa la Minara Miwili, Shangani, Waanglikana wana kanisa kuu Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Kwa chakula, kichuri cha nyumbani sahau mpaka likizo. Urojo wa Unguja utauzoea.

Siku ya safari, bandarini Dar es Salaam, kata tiketi ya boti dirishani, si kwa wapiga debe.