Bima ya Vyombo vya Nyumbani: Namna Madai Yanavyohesabiwa



Msimu wa kuchuma ukifika, nyumba zetu nyingi hugeuka ghala. Chumba cha wageni hujaa magunia, ukumbini huegemezwa majamvi, na ndani ya kabati hufichwa fedha za kuwalipa wachumaji. Wakati huo ndio nyumba ya mkulima inapokuwa na mali nyingi kuliko wakati wowote wa mwaka, na ndio wakati ambao moto ukizuka au mwizi akiingia hasara huwa kubwa zaidi. Wapo miongoni mwetu waliokata bima ya vyombo vya nyumbani, nao hulala usingizi wakiamini kwamba kila kilichomo ndani ya kuta zao kimelindwa. Sivyo ilivyo. Yafaa kila mwanachama ajue mambo haya kabla ya siku ya msiba, maana siku hiyo hakuna anayesoma hati kwa utulivu.

Kwanza tufahamu jina la kitu chenyewe. Bima ya nyumba hulinda jengo: kuta, paa, milango na vilivyoshikamana navyo. Bima ya vyombo hulinda vile ambavyo ungevipakia garini siku ya kuhama: vitanda, makabati, magodoro, friji, televisheni, cherehani, vyombo vya jikoni, nguo na mfano wa hivyo. Mtu anaweza kuwa na bima moja asiwe na ya pili. Mpangaji, mathalan, hana haja ya kukatia jengo la mwenziwe, lakini vyombo ni vyake.

Ama karafuu, hizo si vyombo vya nyumbani. Hata zikiwa zimelazwa chumbani kwako, mlangoni umetia kufuli, na zimetoka katika mashina aliyoyapanda babu yako, machoni pa kampuni ya bima ni bidhaa za biashara, kwa kuwa zinangoja kupelekwa kituoni kuuzwa. Makonyo kadhalika. Hati za bima ya vyombo kwa kawaida hutoa nje bidhaa zote za biashara, na fedha taslimu ama hutolewa nje au huwekewa kikomo kidogo sana. Dhahabu nayo aghlabu ina kikomo chake, na kipande chenye thamani kubwa hutakiwa kiandikwe peke yake pamoja na bei yake. Mwenye kutaka karafuu zake zilindwe hana budi kuomba bima ya bidhaa, ya moto na ya wizi wa kuvunja, na kutaja kiasi kikubwa kabisa atakachokuwa nacho ndani kwa wakati mmoja, yaani kile cha kilele cha msimu. Akitaja magunia mawili yaliyobaki mwezi wa Aprili, atakuwa amejidhulumu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Msingi wake ni kwamba bima humrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, haimpi faida. Kanuni hii tumeirithi katika sheria ya Kiingereza, na kesi yake mashuhuri ilikatwa na Mahakama ya Rufaa ya huko mwaka 1883, baina ya Castellain na Preston. Preston na wenziwe walikuwa wamekubaliana kuuza nyumba, ikaungua kabla mauzo hayajakamilika. Kampuni ya bima ikawalipa pauni 330. Baadaye mnunuzi akawalipa bei kamili kama walivyopatana, wakawa wamelipwa mara mbili kwa hasara moja. Mahakama ikaamua kampuni irudishiwe fedha zake. Kwa sababu hiyo hiyo, mtu aliyekata bima mbili kwa vyombo vile vile hatalipwa mara mbili. Kampuni mbili zitagawana mzigo. Lakini michango ya majirani na jamaa ni jambo jingine. Hiyo ni hisani aliyofanyiwa mwenye msiba, na kwa kawaida haipunguzwi katika fidia yake.

Kumrudisha mtu pale alipokuwa maana yake pia ni kuangalia uchakavu. Tuseme friji ilitumika miaka mitano, na mkadiria hasara akaona kuwa friji ya aina ile hudumu miaka kumi. Mpya dukani ni shilingi 1,500,000. Nusu ya umri wake imekwisha kutumika, basi malipo ni shilingi 750,000. Wengi hukasirika hapa na kusema wameibiwa, lakini hawakuibiwa, kwa kuwa hiyo ndiyo bima waliyoinunua. Iko hati ya namna nyingine inayolipa bei ya kitu kipya badala ya cha zamani, na ada yake ni kubwa zaidi. Mwenye kuichukua akumbuke kwamba vyombo vyake vyote sharti avikadirie kwa bei ya leo ya dukani, si kwa bei aliyonunulia wala ya kuvitia mnadani.

Na hapo ndipo penye mtego unaowaumiza watu wengi: kukatia bima kiasi kidogo kuliko thamani ya mali. Watu hufanya hivyo ili wapunguze ada, wakijiambia kwamba nyumba yote haiwezi kuungua kwa pamoja. Kampuni nazo zinajua fikira hiyo tangu zamani, ndiyo maana katika hati kuna sharti linalosema kwamba, ikiwa mali ina thamani kubwa kuliko kiasi kilichokatiwa, mwenye mali atahesabiwa kuwa amejikatia mwenyewe ile sehemu iliyobaki, naye atabeba fungu lake katika kila hasara, ndogo au kubwa.

Tutazame mfano wa Bwana Fulani. Vyombo vyake vyote vina thamani ya shilingi 20,000,000, naye amekata bima ya shilingi 10,000,000. Moto umetoka jikoni ukaingia ukumbini na stoo. Vyombo vilivyoungua vina thamani ya shilingi 6,000,000. Yameungua pia magunia sita ya karafuu kavu ya kilo 50 kila moja. Tukiyahesabu kwa shilingi 14,000 kwa kilo, kwa ajili ya mfano tu, ni shilingi 4,200,000. Zimeteketea na noti za wachumaji, shilingi 1,500,000, na hati yake haitaji fedha taslimu. Bwana Fulani anajumlisha hasara, anapata shilingi 11,700,000, na moyoni anasema: bima yangu ni milioni kumi, basi nitapewa milioni kumi.

Mkadiria hasara hahesabu hivyo. Anaziondoa karafuu, anaziondoa fedha. Zinabaki 6,000,000. Bima ni nusu ya thamani ya vyombo, kwa hiyo kampuni inabeba nusu ya hasara, yaani 3,000,000. Tena hati inasema mwenye bima ajibebee mwenyewe asilimia 10 ya kila dai, nayo ni 300,000. Bwana Fulani anaandikiwa hundi ya shilingi 2,700,000. Katika hesabu hii hakuna aliyemdanganya. Kama angekata bima kwa thamani kamili, vyombo vile vile vingemletea 5,400,000, na karafuu zingelipwa kando kama angezikatia bima yake. Tofauti ya ada ya mwaka ingekuwa ndogo sana mbele ya pengo hilo.

Baada ya kiasi, huulizwa chanzo. Hati hutaja hatari zinazolindwa: moto, radi, tufani, wizi, na nyingine kwa makubaliano. Mchwa, panya, ukungu na kuchakaa havimo, maana hayo huja polepole na mwenye nyumba anayaona. Mvua iliyopenya kwa bati lililotoboka kutu si sawa na mvua iliyoingia baada ya tufani kung'oa bati. Televisheni iliyokufa kwa umeme kupanda na kushuka aghlabu hailipwi. Lakini umeme huo ukiwasha moto, na moto ukala sebule, hasara ya moto hulipwa. Kwa wizi, hati nyingi hutaka alama za kuvunja, na hazilipi kilichochukuliwa na mtu wa humo humo nyumbani au mgeni aliyefunguliwa mlango. Na jambo hili litugonge masikioni sisi tunaohamia kambini wakati wa kuchuma: hati nyingi husimamisha ulinzi wa wizi nyumba ikikaa bila mtu, mara nyingi zaidi ya siku 30 mfululizo. Ukijua kwamba mtahama nyote, iarifu kampuni kwa maandishi kabla, au mwache mtu alale nyumbani.

Kuarifu huku ni sehemu ya uaminifu ambao bima inausimamia kuliko mikataba mingine. Kama nyumba ni ya makuti, sema. Kama baraza ya mbele ni duka, au unaweka madumu ya petroli ya mashine, au chumba kimoja ni ghala la karafuu, vitaje vyote katika fomu ya maombi. Wakala akikwambia "hayo si lazima," mwambie ayaandike hivyo hivyo, maana siku ya madai fomu ndiyo itakayosomwa, maneno ya wakala hayatakuwapo. Na ole wake anayetia chumvi! Aliyeunguliwa na makochi mawili akaandika manne anaweza kupoteza dai lote, pamoja na yale mawili ya kweli.

Hasara ikitokea, fanya kama mtu asiye na bima: zima moto, okoa kinachookoleka, funika paa, ziba mlango uliovunjwa. Ukiacha vilivyobaki viharibike kwa kuwa "bima italipa", sehemu hiyo haitalipwa. Iarifu kampuni upesi, siku hiyo hiyo ikiwezekana, na kwa wizi piga ripoti polisi. Piga picha kwa simu kabla ya kufagia. Usitupe mabaki, kwani mkadiria hasara atataka kuyaona kwa macho yake, na kampuni ikikulipa thamani kamili ya kitu, mabaki yake huwa yake. Barua ya sheha na taarifa ya Zimamoto husaidia sana. Mkadiria huyu huajiriwa na kampuni, lakini kazi yake ni kupima hasara kwa haki. Mpokee kwa adabu, mjibu unachokijua, na usichokijua usikibuni.

Ushahidi ulio bora ni ule uliowekwa kabla. Chukua daftari, pita chumba kwa chumba, andika kila kitu, mwaka ulipokinunua na bei yake ya leo. Stakabadhi zitie katika bahasha, piga picha kila chumba, kisha daftari na picha viweke nyumba nyingine, kwa ndugu au kwa mtoto aliye mjini. Daftari lililoungua pamoja na kabati halikusaidii kitu.

Mwisho wa mambo utaletewa hati ya kukubali malipo. Ukitia sahihi kwamba umelipwa na huna dai tena, mlango umefungwa. Isome, au somesha, na uulize kila tarakimu imepatikanaje. Kampuni ina haki ya kuchagua kulipa fedha, kutengeneza, au kuleta kitu cha mfano wake. Usiporidhika, andika malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza na ubaki na nakala. Yakishindikana, iko Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009 na ina mamlaka Zanzibar pia. Yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Na baada ya hao, mahakama.

Baadhi ya wanachama hawana raha na bima ya kawaida kwa ajili ya dini. Kwao iko takaful, ambayo washiriki huchangia mfuko mmoja na kufidiana humo. Kampuni ya mwanzo ya namna hiyo ilianza Sudan mwaka 1979, na mpango huu sasa umefika kwetu. Lakini wasidhani kwamba kwa kuwa ni takaful hesabu zitalegea. Karafuu hapo pia huulizwa, na kiasi kidogo huleta malipo madogo.

Kwa wanaopenda kujipima, hii hapa hesabu moja. Mama Fulani ana vyombo vya shilingi 12,000,000, amevikatia bima ya 9,000,000. Tufani imeng'oa mabati, vyombo vya thamani ya 4,000,000 vimeharibika kwa mvua, pamoja na gunia moja la makonyo. Hati inamtaka ajibebee 200,000 za mwanzo, baada ya kugawana hasara. Atalipwa kiasi gani?

Jibu: bima ni robo tatu ya thamani, basi robo tatu ya 4,000,000 ni 3,000,000, toa 200,000, zinabaki shilingi 2,800,000. Makonyo hayalipwi. Mabati nayo ni ya bima ya jengo, kama anayo.