Mtume Paulo na Swali la Uraia

Twaomba kila mwalimu asome kwanza Matendo ya Mitume 16:35–39 na 22:24–29. Huko Filipi Paulo aliutaja uraia wake asubuhi, alipokwisha kupigwa viboko na kulala gerezani. Huko Yerusalemu aliutaja akiwa angali anafungwa kamba, nao viboko havikumgusa.

Jambo hili si geni kwetu tukaao Kiseke, maana humu wamo ndugu waliotoka Kagera na Kigoma, na wengine walizaliwa nyumbani wasiandikiwe cheti. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, maelfu waliondoka au waliondoshwa Kagera, Geita na Kigoma, na kati yao walikuwamo watu waliokaa nchini miaka mingi. Aliyekwisha kuvushwa mpaka ni vigumu kumrudisha.

Basi ndugu akikamatwa na maofisa wa Uhamiaji, asikimbie wala asishindane nao. Ataulizwa alikozaliwa yeye na wazazi wake, hata babu zake. Aseme kweli, asilolijua, aseme halijui, maana jibu la kubuni hugeuka kuwa shtaka. Asitie sahihi wala dole gumba katika maandishi asiyosomewa kwa lugha aijuayo. Tena aulize kwa adabu: je, napelekwa mahakamani, au naandikiwa amri ya kuondoshwa nchini? Mahakamani aweza kuomba dhamana na kuleta mashahidi. Ile amri yaweza kutekelezwa upesi. Katiba, ibara ya 15, yakataza mtu kukamatwa, kufungwa au kuhamishwa kwa nguvu pasipo kufuata sheria. Mgeni ana haki ubalozi wake upashwe habari; lakini aliyeikimbia serikali ya kwao asiutake ubalozi huo, bali aseme papo hapo kwamba ni mkimbizi.

Nasi tulio nje tusikae kulia. Siku ile ile mzee wa kanisa na mwenyekiti wa mtaa wafike kituoni na kitambulisho cha taifa cha ndugu yule, cheti cha kuzaliwa, na cha ubatizo. Hicho cha mwisho si hati ya uraia, ila chaonyesha wazazi na tarehe. (Vitabu vya ubatizo vinavyoachiwa mchwa ni kosa letu wenyewe.) Andikeni jina la kituo, la ofisa, na saa. Fedha isiyo na stakabadhi msitoe, hata ikiitwa ya chai.

Na aliye mgeni kweli, asiye na kibali, tusimfundishe uwongo. Chakula chake tumpelekee vile vile.