Utaratibu mdogo wa kila siku hutuliza moyo

Mtu aliyekimbia Masisi, Rutshuru au Djugu ameacha shamba, mifugo na majirani. Amepoteza pia kitu kisichoonekana: uwezo wa kuamua mambo ya siku yake. Msaada utakuja lini? Tutarudi lini? Majibu yako mikononi mwa wengine, naye anabaki kuwaza mchana na usiku.

Kuwaza sana, kukosa usingizi na kushtuka kwa kila mlio si wazimu wala kurogwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (OMS) lilieleza kwamba katika maeneo ya vita karibu mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Mazoea yafuatayo hayaondoi njaa wala hayarudishi shamba, lakini yanamrudishia mtu sehemu ya siku yake.

1. Amka na ulale saa ile ile. Hata kama hakuna kazi, nawa uso, kunja mkeka, fagia mbele ya kibanda. Hilo umeliamua wewe na umelimaliza wewe.

2. Tumikisha mwili. Chota maji, palilia mboga, shiriki salongo. Mwili uliofanya kazi hupata usingizi kwa urahisi zaidi.

3. Sikiliza habari za vita mara moja kwa siku, si wakati wa kulala. Ujumbe wa simu usiojulikana umetoka wapi usiupeleke kwa mwingine.

4. Ongea kila siku na mtu unayemwamini. Asiyetaka kusimulia yaliyompata asilazimishwe.

5. Moyo ukidunda, kaa, kandamiza miguu chini, vuta pumzi polepole, kisha taja vitu 5 unavyoviona. Mwili utakumbuka kwamba uko hapa, hauko tena kule.

6. Usitafute usingizi katika kanyanga. Huleta usingizi haraka, halafu huukatiza usiku, na asubuhi hasira huwa nyingi.

Watoto nao wanahitaji utaratibu: kula saa inayojulikana, kucheza na wenzao, hadithi jioni.

Jambo hili ni la amani pia. Asiyelala usiku 3 hukasirika upesi kwenye foleni ya maji, na ugomvi wa bidoni moja unaweza kugeuka kuwa ugomvi wa kabila na kabila.

Ndugu viongozi, tangazeni siku na saa ya mikutano na ya mgao, mkazishike. Mgao ukichelewa, semeni mapema. Linalojulikana mapema hupunguza mawazo, nao uvumi hukosa nafasi.

Mtu akisema anataka kufa, asiachwe peke yake; apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Anayeshindwa kula, kulala au kufanya kazi zake kwa muda wa majuma 2, naye apelekwe. Asifungwe kamba, wala asichekwe.

Maswali ya kujadiliana:
- Saa gani ya siku ni ngumu zaidi kwetu, na kwa nini?
- Ni habari gani watu wetu wanaingoja, ambayo viongozi wangeweza kuitoa wiki hii?
- Kila mmoja ataanza na zoea gani kesho asubuhi?