Trekta Likikwama Kando ya Bwawa

Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, tope si la mvua tu. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua hufika mbali zaidi. Kwanza uliza yanajaa saa ngapi.

Magurudumu yakizunguka bure, acha kukanyaga mafuta. Unachimba shimo tu. Fungua tela au jembe, ondoa tope nyuma ya matairi, tandika mbao, kisha toka kwa rivasi. Usifunge gogo kwenye matairi ya nyuma ukalazimisha kwenda mbele: trekta huinua pua na kumbinukia dereva. Ukivutwa, mnyororo ufungwe chini, na watazamaji (hawakosekani) wakae mbali.

Mikoko usiikate kutandikia. Ni msitu wa hifadhi.