Arubuni kwa mali isiyotengenezwa: somo la Pandora na BRCK

GUTA – Mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Guta, wilayani Bunda, anapompa mwenye mtumbwi fedha kabla mali haijatoka ziwani, huwa anajua mambo mawili. Anajua kwamba mbalamwezi ikikua uvuvi wa taa husimama. Anajua pia kwamba baada ya siku chache giza litarudi na mitumbwi itaingia tena majini. Ucheleweshaji wake una kalenda.

Ucheleweshaji wa mashine mpya hauna kalenda. Hilo ndilo somo la wiki hii kwa wenye maduka ya simu na vifaa vya umeme wa Guta, Bunda mjini na Musoma, pamoja na wenye vijiakiba vyao wanaotafuta mahali pa kuviweka. Siku hizi si ajabu kuona picha ya mashine nzuri, ambayo bado haijatengenezwa, ikitangazwa kwa bei nafuu kwa yule atakayelipa mapema. Kabla ya kutoa fedha, inafaa kutazama yaliyowakuta waliotangulia.

KOMPYUTA YA MICHEZO ILIYOCHUKUA MIEZI 20

Mfano unaofundisha zaidi ni ule wa Pandora, kompyuta ndogo ya michezo ya kushikwa mikononi, iliyokuwa na kibodi, skrini ya kugusa ya inchi 4.3 na mfumo wa Linux. Haikutoka kwa kampuni kubwa. Iliasisiwa na kikundi kidogo cha wapenzi na wauzaji wa mashine za aina hiyo barani Ulaya na kwingineko, wakiwamo Craig Rothwell wa Uingereza na Michael Mrozek wa Ujerumani.

Mwishoni mwa Septemba 2008 kikundi hicho kilifungua oda za awali. Bei ilikuwa dola za Marekani zipatazo 330, na awamu ya kwanza ilipangwa kuwa mashine 4,000. Hata zingeuzwa zote, mapato yasingezidi dola 1,320,000. Kwa familia hizo ni fedha nyingi mno. Kwa kazi ya kutengeneza kompyuta kuanzia mwanzo ni fedha kidogo, kwa kuwa humo humo zitoke gharama za kalibu, bodi, skrini, betri, majaribio, usafirishaji na matengenezo ya zile zitakazorudishwa na wateja.

Tatizo la kwanza halikutoka kiwandani bali benki. Malipo yaliyofanywa kwa kadi yalizuiwa na kurudishwa kwa wateja, kwa sababu bidhaa iliyolipiwa haikuwa tayari kupelekwa, na wateja wakaombwa walipe upya. Wengi waliona jambo hilo kuwa usumbufu tu. Kwa jicho la kibiashara lilikuwa onyo: benki, ambayo kazi yake ni kupima hatari, haikutaka kuibeba, na hatari hiyo ikahamia kwa mnunuzi.

Tatizo la pili lilikuwa kalibu. Ganda la plastiki la mashine hutengenezwa kwa kuyeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu hiyo huchongwa mara moja kwa gharama kubwa, na kosa dogo kama nywele hufanya vipande visikutane au vifungo vikwame. Kila sahihisho humaanisha kalibu kurudi kwa fundi, sampuli mpya kumwagwa, na sampuli hiyo kusafirishwa kutoka China hadi Ulaya ili ikaguliwe. Majuma hupita, na mara nyingi safari moja haitoshi.

Mashine za kwanza zilianza kuwafikia wateja Mei 2010, miezi kama 20 baada ya fedha kutolewa. Hapo napo mambo hayakwisha. Bodi za saketi zilikuwa zikiunganishwa Texas, Marekani, na nyingi zilionekana kuwa na kasoro. Mwaka 2011 kazi hiyo ilihamishiwa Ujerumani, ambako ubora ulipanda, lakini gharama nayo ikapanda. Ili kazi isife, mashine mpya ziliuzwa kwa bei ya juu kwa wale waliokuwa tayari kulipa, na faida yake ikasaidia kuwatengenezea waliolipa zamani. Kwa maneno mengine, aliyekuja baadaye na fedha nyingi alipata mashine yake mapema, ilhali baadhi ya waliolipa mwaka 2008 waliendelea kusubiri kwa miaka.

MALI INAYOZEEKEA NJIANI

Jambo jingine la kuangaliwa ni kwamba vifaa vya aina hii huzeeka kabla ya kufika sokoni. Chipu ya Pandora ilikuwa na mwendo wa megahezi 600, kiasi kilichokuwa kizuri mwaka 2008. Mashine za kwanza zilipotoka mwaka 2010, tayari zilikuwapo simu zenye mwendo wa gigahezi 1. Dagaa mkavu aliyehifadhiwa vema anaweza kungoja bei ipande. Kompyuta iliyo njiani haina bahati hiyo, kwani kila mwezi unaopita huipunguzia thamani.

Waasisi wenyewe walijifunza. Mrozek alipotangaza mashine iliyofuata, Pyra, oda za awali zilifunguliwa mwaka 2016. Hata hivyo, hata kwa uzoefu wote ule, wateja walianza kupata mashine mwishoni mwa mwaka 2020. Nia njema na ujuzi havikutosha kuondoa ucheleweshaji pale mtaji unapokuwa mdogo.

JIRANI WA NAIROBI

Asije mtu akadhani hayo ni mambo ya Ulaya peke yake. Mwaka 2013, wataalamu wa Nairobi waliotoka katika asasi ya Ushahidi, wakiongozwa na Erik Hersman, walitangaza BRCK. Hiki ni kisanduku kigumu cha kuunganisha intaneti, chenye betri ya kudumu saa 8 umeme ukikatika, na kinachoweza kuhudumia vifaa vipatavyo 20 kwa wakati mmoja. Kilikuwa kimebuniwa kwa ajili ya mazingira ambayo mtu wa Guta anayafahamu vizuri: umeme wa kukatika na mtandao wa kuyumba.

Kupitia mtandao wa Kickstarter walihitaji dola 125,000, wakapata dola 172,107. Mashine zilitarajiwa kuwafikia waliochangia mwishoni mwa mwaka 2013. Zilianza kusafirishwa Julai 2014. Ingawa ubunifu ulifanyika Nairobi, kuunganisha kulifanyika Marekani, kwa kuwa viwanda vya kazi hiyo na vipuri vyake havikuwa karibu.

Tofauti kati ya BRCK na Pandora inastahili kupimwa. BRCK nayo ilichelewa, lakini kwa miezi na si kwa miaka. Watu wake walikuwa na taasisi nyuma yao, na baadaye walipata wawekezaji waliotia mtaji wa kweli, hivyo fedha za wateja hazikuwa nguzo pekee ya nyumba. Mwaka 2015 waliweza kutoa bidhaa nyingine, Kio Kit, sanduku la kompyuta bapa 40 kwa ajili ya shule. Pandora iliegemea zaidi fedha za oda, na kasoro ya bodi ilipotokea hapakuwa na akiba ya kutosha ya kuifidia.

Wakubwa nao huchelewa. Kampuni ya Valve ya Marekani ilitangaza kompyuta yake ya michezo ya mkononi, Steam Deck, Julai 2021, ikiahidi kuanza kuipeleka kwa wateja Desemba mwaka huo. Uhaba wa vipuri duniani uliisukuma hadi Februari 2022. Lakini mteja wa Valve alikuwa ametoa arubuni ya dola 5 tu kushika nafasi, na fedha iliyobaki ilidaiwa mashine yake ilipokuwa tayari. Ucheleweshaji uliikuta kampuni, haukuukuta mfuko wa mteja.

Utafiti nao unathibitisha kwamba haya si matukio ya bahati mbaya. Profesa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alionyesha mwaka 2014 kwamba zaidi ya asilimia 75 ya miradi ya ubunifu na teknolojia aliyoichunguza katika Kickstarter ilichelewa kutimiza ahadi. Katika utafiti wake wa mwaka 2015, miradi kama asilimia 9 haikutoa kabisa kilichoahidiwa. Kwa hiyo hatari kubwa kwa mfanyabiashara si kutapeliwa. Hatari kubwa ni kungoja.

GHARAMA YA KUNGOJA

Wengi huhesabu faida na kusahau muda. Ichukuliwe kwamba mwenye duka ana nia ya kuagiza mashine za sh. 6,000,000, kwa fedha ya mkopo wenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi isiyolimbikizwa, akitarajia faida ya sh. 1,500,000 kabla ya riba. Riba yake ni sh. 180,000 kila mwezi.

Mali ikifika na kuuzwa ndani ya miezi 2, riba ni sh. 360,000, na anabaki na sh. 1,140,000. Mali ikichukua miezi 10, riba ni sh. 1,800,000, na amepata hasara ya sh. 300,000. Ikichukua miezi 20, kama ilivyokuwa kwa mashine za kwanza za Pandora, riba ni sh. 3,600,000, na hasara ni sh. 2,100,000. Hapo bei ya kuuzia haijashuka hata senti moja. Ikishuka, hasara huongezeka.

Asiyekopa asijione amesalimika. Fedha yake ingeweza kuzunguka katika dagaa, mchele au vocha mara nyingi katika muda huo. Faida iliyokosekana huko ni gharama, hata kama haiandikwi katika daftari.

MLIPAJI WA MAPEMA SI MWENYE HISA

Kosa linalofanywa mara kwa mara ni kuchanganya oda ya awali na uwekezaji. Anayenunua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za TOL, anamiliki sehemu ya kampuni. Kampuni ikistawi naye anagawana, na hisa zinapouzwa kwa umma kwa mara ya kwanza hutolewa waraka wa matarajio unaosimamiwa kisheria. Anayelipia mashine isiyotengenezwa hana sehemu ya kampuni. Mashine ikivuma dunia nzima yeye atapata mashine yake tu, na ikishindikana huenda asipate kitu. Anabeba hatari ya mwenye hisa kwa malipo ya mnunuzi wa kawaida.

Kickstarter yenyewe ilitangaza Septemba 2012 kwamba yenyewe si duka, na ikapiga marufuku miradi ya vifaa kuonyesha picha za kuchorwa kana kwamba ni bidhaa halisi. Ilitaka sampuli inayofanya kazi ionyeshwe kama ilivyo siku hiyo.

YA KUULIZA KABLA YA KUTOA FEDHA

Kutokana na mifano hiyo, mfanyabiashara anashauriwa kuuliza yafuatayo, na kutaka majibu kwa maandishi:

1. Je, ipo sampuli inayofanya kazi, iliyoonyeshwa ikiwa mkononi mwa mtu, au ni mchoro tu? Sampuli moja haithibitishi kwamba 1,000 zitawezekana, lakini kukosekana kwake kunathibitisha kwamba safari bado ndefu.

2. Je, kalibu ya ganda imekwisha kuchongwa, na vipande vya kwanza vimekubaliwa? Kabla ya hatua hiyo tarehe yoyote ni makisio.

3. Bodi zinaunganishwa wapi, na kasoro ikitokea nani analipa, kiwanda au mwenye mradi?

4. Je, ipo fedha nyingine nje ya fedha za wateja? Kama haipo, kosa moja linatosha kusimamisha kila kitu.

5. Arubuni ni kiasi gani? Arubuni ndogo na malipo makubwa mzigo unapofika ni bora kuliko kulipa yote leo, hata kama bei itakuwa juu kidogo.

6. Tarehe imesogezwa mara ngapi, na kwa sababu gani? Mradi unaotaja tatizo kwa jina na kueleza hatua inayofuata ni afadhali kuliko ule unaorudia kila mara kwamba imebaki miezi 2.

7. Forodhani itahesabiwa kuwa kompyuta au chombo cha michezo? Wakala wa forodha aulizwe mapema, kwani jibu linaweza kubadilisha ushuru na hivyo bei ya dukani.

MSIMAMO KWA MWENYE MTAJI MDOGO

Hakuna ubaya kuunga mkono wabunifu. Bila waliotangulia kulipa, Pandora isingekuwapo, na BRCK huenda isingetoka Nairobi. Anayependa kufanya hivyo afanye kwa kiasi ambacho kikikwama mwaka mzima, duka halitafungwa wala ada ya mtoto haitakosekana, na asitumie mkopo kamwe.

Kwa mwenye duka ambaye mzunguko wake ni wa wiki na mwezi, ushauri ni kungoja mashine zifike mikononi mwa wateja wa kwanza, zisikike zikitumika na kutengenezwa, ndipo aagize chache za kujaribia soko. Atakosa bei ya mwanzo. Lakini katika hesabu ya hapo juu, punguzo la bei ya mwanzo lisilofikia asilimia 3 kwa kila mwezi wa kusubiri halilipi hata riba.