Usiache Nenosiri Lako Saiba

Wakazi wengi hufungua akaunti zao za eCitizen, iTax na barua pepe kwenye kompyuta za saiba. Wakimaliza hulipa, huchukua karatasi zao na kuondoka. Baadhi yao huacha nyuma kitu muhimu bila kujua: nenosiri.

Nenosiri hubakije?

Unapoingia kwenye akaunti, brauza kama Chrome au Firefox huuliza kama ikuhifadhie nenosiri. Ukikubali, huliweka katika faili ndani ya kompyuta hiyo. Kufunga dirisha au kuzima kompyuta hakulifuti.

Kwenye Windows, Chrome huliweka nenosiri hilo kwa maandishi ya siri, na ufunguo wake huambatana na jina la mtumiaji wa kompyuta. Nyumbani, hiyo ni kinga. Saiba, wateja wote kwa kawaida hutumia jina moja la mtumiaji, hivyo kompyuta haimtofautishi mteja wa asubuhi na wa jioni. Anayekufuata akifungua ukurasa ule ule, brauza inaweza kumjazia nenosiri lako.

Barua pepe ndiyo hatari zaidi. Anayeifungua anaweza kuitumia kuomba nenosiri jipya la akaunti zako nyingine.

Mambo ya kufanya

1. Kabla ya kuanza, fungua dirisha la faragha. Kwenye Chrome, bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja.
2. Ukiulizwa kuhusu kuhifadhi nenosiri, kataa.
3. Ukimaliza, toka kwenye akaunti kwanza, kisha ufunge madirisha yote.
4. Futa hati zako ulizopakua, kama vile nakala ya kitambulisho, kisha uziondoe pia kwenye pipa la taka la kompyuta.
5. Ikiwa ulikubali kwa bahati mbaya, ingia kwenye mipangilio ya brauza, sehemu ya manenosiri, ulifute. Usifute faili moja kwa moja kwenye folda za mfumo. Unaweza kuharibu programu.

Je, umeshaondoka? Badilisha nenosiri mara moja ukitumia simu yako. Lile lililobaki saiba halitafungua tena akaunti hiyo.

Wakazi wafahamu pia kwamba kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.